Mtoto anakataa hata kile alichoomba mwenyewe. Nifanyeje?

MamaK_Umoja: Wazazi wenzangu, hamjambo. Kijana wangu ana miaka saba, alipatikana na usonji akiwa na minne. Anaongea vizuri, anasoma, na majina ya matatu za Jogoo Road anayajua yote. Shida ni kuambiwa. Ukisema "vaa viatu", anajilegeza kama hana mifupa, anaanguka chini na kubweka: yeye ni mbwa, na mbwa hawavai viatu. Juzi aliomba chapati. Nikapika, nikasema "njoo ule", akakataa katakata huku analia. Nilipotoka jikoni akaila chini ya meza.

Asubuhi basi la shule linapiga honi getini, majirani wanachungulia. Mwalimu anasema ana kiburi. Mama mkwe amekuja kutoka Murang'a, anataka nimpe mtoto mwezi mmoja tu, eti atarudi amenyooka. Chati ya nyota ilisaidia wiki ya kwanza, halafu akaichana. Nisaidieni, hasa hapo asubuhi.

Mzee_Kayole: Mwiko wa ugali una kazi mbili. Sisi tulilelewa hivyo na tuko sawa.

Nyakio_Ngong: Mzee, kwa heshima zako, hapana.

MamaK, wangu ni msichana wa miaka tisa, yuko vivyo hivyo. Mtoto hakatai chapati, anakataa kuamrishwa. Amri hata ya upole inampandisha wasiwasi, basi anatafuta kila njia ya kuikwepa: kulia, kujifanya mbwa, kukupigisha hadithi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Elizabeth Newson, alianza kuieleza tabia hii miaka ya 1980, na wazazi wengi huiita PDA (Pathological Demand Avoidance, yaani kukwepa amri kupita kiasi). Haiko kwenye orodha rasmi za magonjwa kama kitu cha kujitegemea, kwa hivyo daktari asipoiandika usigombane naye. Nyota na zawadi hushindwa kwa sababu mtoto anaiona amri iliyojificha nyuma yake. Kwangu hata "hongera, umevaa!" ni kosa, kesho yake havigusi.

Asubuhi mimi siongei naye, naongea na viatu. "Sijui kama hivi vinaweza kumtosha mbwa." Naviweka karibu na mlango, naenda zangu kufunga chakula. Siku mbaya anapanda basi na patipati, viatu viko ndani ya begi, na dunia haijaisha. Kuvuka barabara na dawa hayo hayana mjadala. Nywele, soksi, kukaa mezani, yaache kwanza. Ukipigania yote, hata hayo mawili utayakosa.

Teacher_Eastlands: Nafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Kabla ya yote, kagua sare. Sweta ya sufu inawasha, mshono wa soksi unakera, na mtoto hatakwambia, atabweka tu. Pia wengine hujikaza shuleni mchana kutwa kisha hulipuka wakifika nyumbani, na hapo mwalimu haamini maneno ya mama. Wako anakataa kotekote, nalo si kiburi. Pale KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, kuna kituo cha tathmini. Ripoti ukiwa nayo, mwalimu mkuu ataisikiliza kuliko atakavyokusikiliza wewe. Na Mzee, kiboko shuleni kilikatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36.

BabaPacha: Habari ya mama mkwe mwachie mumeo, yeye ndiye aongee na mamake. Ukijibu wewe utaambiwa umeharibu mtoto. Mamangu alielewa baada ya kuachiwa mjukuu Jumamosi moja. Jioni tulimkuta amelala yeye, mtoto anachora ukutani.

Mzee_Kayole: Haya, nimenyamaza. Lakini akiwa mkubwa, bosi atabembeleza viatu vyake?

Nyakio_Ngong: Mzee, wengine hujiajiri 😂 Na wasiwasi ukipungua, wanaweza mengi zaidi. Ukiwabana ndipo hupungukiwa hata na yale waliyokuwa wakiyaweza.

MamaK_Umoja: Asanteni sana. Leo nimejaribu ya viatu. Akanijibu mbwa wa polisi huvaa, akavaa kimoja! Kingine kimeenda shule ndani ya begi. Mwalimu, KISE niende na nini?

Teacher_Eastlands: Piga simu kwanza upangiwe siku. Beba ripoti ya hospitali, daftari zake za shule, na video fupi ya asubuhi moja hapo nyumbani, maana mbele ya wageni anaweza kukaa kimya kama malaika wakuone wewe ndiye mwenye shida.