ScvO2 (ujazo wa oksijeni katika damu ya vena kuu) 58%, saa moja baadaye 82%: niamini ipi?

muuguzi_zamu: Habari wakuu. Mgonjwa ana sepsisi (maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili), yuko kwenye mashine ya kupumulia, ana mrija wa njia tatu kwenye vena kuu, shingoni kulia. SaO2 (ujazo wa oksijeni katika damu ya ateri) 97%, hemoglobini 8.2, laktati 4.1 (iko juu, mara nyingi ni dalili ya tishu kukosa oksijeni), noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) inaendelea. ScvO2 ya kwanza 58%, ya pili 82%, na katikati hakuna kilichobadilishwa. Kama ni 58 kweli, tuanze na damu, maji au dobutamini (dawa ya kuongeza nguvu ya moyo)?

mapigo: Kwanza ulizia sampuli zilichotwa wapi. Inatakiwa njia inayofungukia kwenye ncha ya mrija, na ncha iwe vena kava ya juu (vena kubwa inayoingia moyoni kutoka juu). Ikizama hadi atiriamu ya kulia (chumba cha juu cha moyo) inakutana na damu itokayo kwenye misuli ya moyo, ambayo oksijeni yake ni kidogo sana, na jibu linashuka. Simamisha dripu ya njia hiyo, chota mililita 5 za kutupa, kisha 1 hadi 2 polepole kwa sirinji yenye heparini. Lakini kama noradrenalini inapita hapo, usichote: ukiisimamisha presha inaanguka, ukisukuma maji unampa dozi kwa mkupuo.

benchi_la_gesi: Naongezea ya maabara. Kiputo cha hewa hupandisha jibu, maana PO2 (shinikizo la oksijeni) ya damu ya vena ni kama 40 mmHg tu na ya hewa ni karibu mara nne yake. Sampuli ikikaa mezani jibu hushuka, kwa sababu chembe za damu zinaendelea kula oksijeni. Tena angalia mashine yenu: isiyo na kooksimeta (kipimo cha ujazo wenyewe) haipimi ujazo wa oksijeni, inaukokotoa kutoka PO2. Pale kwenye 40 mkunjo unaounganisha PO2 na ujazo una mteremko mkali, kwa hiyo kosa dogo la PO2 linakuwa kosa kubwa la asilimia.

mapigo: Ikirudiwa ikabaki 58, mwili unachukua (97−58)/97, yaani 40% ya oksijeni inayoletwa, kawaida ni 25 hadi 30. SaO2 haina tatizo, basi tazama matumizi: homa, kutetemeka, kushindana na mashine. Kila nyuzi 1 ya homa huongeza matumizi kwa takriban 10%, na kuituliza ni rahisi kuliko dobutamini. Halafu chota ateri na vena kwa wakati mmoja ulinganishe PCO2 (shinikizo la kaboni dioksidi). Tofauti ikizidi 6 mmHg, mtiririko wa damu ni mdogo. Fanya eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) ndipo uchague kati ya maji na dobutamini. Kwa 8.2 damu ningeiweka mwisho, ila kama moyo wenyewe unakosa oksijeni.

Na 82 ingekuwa ya kweli, kwa laktati hiyo isingenifurahisha hata kidogo: oksijeni inafika, tishu haziichukui. Hiyo ScvO2 ya 70% iliyokuwa lengo katika utafiti wa Rivers (2001) msiikimbize. Tafiti za ProCESS na ARISE (2014), kisha ProMISe (2015), hazikuonyesha kwamba kuifuata kunapunguza vifo.

muuguzi_zamu: Nimeulizia. Ya pili ilichotwa kwenye mrija wa kinenani.

benchi_la_gesi: Hiyo ni damu ya mguu na nyonga, inaweza kutofautiana na ya juu kwa upande wowote. Msiilinganishe na ya kwanza. Rudieni ya shingoni sasa, pamoja na laktati, na kwenye fomu muandike njia iliyotumika.