Tupeane uzoefu: kulala hemani kwenye makorongo ya mawe ya mchanga

Mwalimu wa Mbale

Ndugu zangu, salaam. Vijana wetu kadhaa wanaofanya kazi Amman, nchini Jordan, wamekubaliana kutumia likizo yao kupiga kambi Wadi Rum, bonde la jangwa lenye majabali kusini mwa nchi hiyo, na mpwa wangu aliye miongoni mwao ameniuliza mambo ambayo mimi, niliyezoea mvua na matope ya Mlima Elgon, siwezi kuyajibu ipasavyo. Naomba yeyote aliyewahi kulala katika nchi kavu yenye makorongo, iwe Uarabuni, Marekani au hapa kwetu Karamoja, atueleze hema lake lilisimamishwa wapi, maji aliyapata wapi na usiku ulikuwaje. Picha za mandhari tunazo tele, kwa hiyo msijisumbue nazo.

Mama Hawa, Bombo

Mwalimu, nilifanya kazi za nyumbani Aqaba, na familia niliyokuwa nayo ilipenda kwenda Wadi Rum wakati wa baridi, nami nikienda nao kwa ajili ya watoto. Mwambie mpwa wako kwamba neno jangwa lisimfanye aache blanketi nyumbani. Mchana wa Januari jua ni la kupendeza, lakini likishazama nyuma ya majabali baridi huingia upesi sana, kwa kuwa hewa ni kavu na hakuna wingu la kuzuia joto lisipande juu, na kuna usiku ambao maji huganda. Kiangazi nacho ni adhabu ya namna nyingine. Mimi ningemshauri aende Machi, Aprili au Oktoba.

Chakula kisimtie wasiwasi. Mabedui wana upishi wao unaoitwa zarb, ambapo nyama na mboga hupangwa kwenye vyuma, hushushwa shimoni juu ya makaa na kufunikwa, kisha mchanga hurudishwa juu mpaka moshi usionekane. Nyama hutoka laini kiasi kwamba mtoto asiye na meno ya kutosha anaila. Hema zao za asili hufumwa kwa manyoya ya mbuzi, na manyoya hayo yakilowa huvimba na kuziba matundu, kwa hiyo mvua ndogo haipenyi.

Kuhusu maji, mzee aliyetupokea alitupeleka kwenye chemchemi iliyo ubavuni mwa mlima, mahali ambapo usingetarajia hata unyevu. Alieleza kwamba mvua hupenya taratibu ndani ya jiwe la mchanga mpaka ifike kwenye graniti iliyo chini yake, na kwa kuwa graniti haipitishi maji, hutafuta njia ya pembeni na kutokea hapo. Hata hivyo hatukuzitegemea chemchemi hizo, maana ni za wenyeji na mifugo yao. Maji ya kunywa tulibeba kwenye jerikeni, na kwa swala tulitayamamu, yaani tulijitwaharisha kwa vumbi safi badala ya maji, jambo ambalo nadhani halikupata kuwa jepesi kama lilivyokuwa mahali pale penye vumbi safi kila upande.

Mwanajiolojia wa Kasese

Mama Hawa ameieleza ile chemchemi vizuri kuliko baadhi ya wahadhiri wangu. Mimi nilisoma Marekani, na wakati wa likizo tulikuwa tukienda kusini mwa jimbo la Utah, hasa hifadhi ya Zion, ambako kuta za makorongo ni za jiwe la mchanga lililotokana na vilima vya mchanga wa jangwa la kale, enzi za Jurasi, wakati wa dinosaria. Ukitazama ukuta kwa makini unaona mistari iliyolala mshazari, na hiyo ndiyo miteremko ya vilima vile, imebaki kama upepo ulivyoiacha.

Kuna mambo mawili ambayo wageni wengi hawaambiwi. Jiwe la mchanga likilowa hupungua nguvu, kwa sababu kinachoshikanisha chembe zake mara nyingi ni chokaa au udongo wa mfinyanzi, na maji hulegeza mshikamano huo. Ndiyo maana wapanda miamba wa kule husubiri siku moja, mbili au hata tatu baada ya mvua, ingawa kwa nje jiwe linaonekana limekauka. Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Penye mchanga mtupu au mwamba unaweza kukanyaga, lakini kuna utando mweusi wenye vinundu, uliojengwa na bakteria, kuvu na mimea midogo, ambao huzuia udongo usipeperushwe. Wayo mmoja huuvunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Tulilazimika kuzunguka mbali ili tusiukanyage, na kwa kweli niliona sheria hiyo ina maana kuliko nyingine nyingi za hifadhi zile.

Lakini hatari iliyotushughulisha zaidi ilikuwa mafuriko ya ghafla. Tarehe 12 Agosti 1997, katika Antelope Canyon, jimboni Arizona, watalii 11 walikufa ndani ya korongo jembamba kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, huku pale walipokuwa hakukuwa na mvua ya kuwatisha. Mwezi Septemba 2015 watu saba walikufa katika korongo la Keyhole, ndani ya Zion. Mwamba mtupu haunywi maji kwa kasi ya kutosha, hivyo mvua ya nusu saa juu ya eneo kubwa hukusanyika yote katika mpasuko ambao mikono miwili inaweza kugusa kuta zake.

Dereva wa Jinja

Kwa nini twende mbali? Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, inafikika kwa basi kutoka hapa kupitia Busia au Malaba, na kuna mahali pa kupiga kambi juu ya magenge. Nimepeleka vikundi vya vijana pale na walifurahi mno.

Mwanajiolojia wa Kasese

Kaka, pale ni pazuri, ila miamba yake ni ya volkano na siyo ya mchanga. Kwa upande wa mafuriko, hata hivyo, hakuna tofauti. Mwaka 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walipoteza maisha katika korongo lile, na mwaka 2019 watu saba wengine walisombwa. Natumaini vikundi vyako huwa vinamwuliza mwongozaji habari za mvua ya milimani kabla ya kushuka.

Dereva wa Jinja

Tunauliza, na mwongozaji akisema hatushuki, hatushuki, hata kama wamelipa.

Afande Mstaafu, Karenga

Nimesoma yote hapo juu. Miamba yetu ya Kidepo, hifadhi ya wanyama iliyo huku Karamoja, nayo si ya mchanga, ni migumu na ya kale sana, lakini mito yetu ya mchanga ina tabia ileile. Mto Kidepo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara pana ya mchanga mweupe yenye miti ya mivumo, jamii ya mitende, kandokando, na nilipokuwa kazini wageni walikuwa wakiniomba niwaruhusu wasimamishe hema katikati yake, kwa sababu ni tambarare, hauna miiba, na usiku mchanga unakuwa na uvuguvugu. Sikumruhusu hata mmoja. Mvua hunyesha milimani wakati kambini nyota zinaonekana, na maji yakifika hayaji kwa kuongezeka kidogo kidogo, bali huja na magogo.

Mwalimu, mwambie kijana wako asiulize hali ya hewa peke yake. Atazame kuta na vichaka. Akiona nyasi kavu na vijiti vimenasa kwenye tawi au kwenye ufa wa mwamba juu ya kichwa chake, ajue maji yalipita hapo, na hema lake liwe mahali palipoinuka kuliko alama hiyo. Akisikia mngurumo usiokoma, au akiona maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya udongo, aache mizigo na apande ubavuni mara moja. Asikimbie kufuata korongo kuelekea chini, kwa maana maji yatamfikia.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo huko Jordan hawana, nalo ni nyati na simba, ambao wakati wa kiangazi husogea bonde la Narus kwa sababu maji hubaki huko. Mgeni halali nje ya hema, haweki chakula ndani yake, na haendi kujisaidia usiku bila askari. Nge wapo huko na huku, kwa hiyo viatu vikung'utwe kila asubuhi.

Mwalimu wa Mbale

Nawashukuru sana, na hasa wewe Afande. Mpwa wangu amesoma na ana swali: wakitoka Wadi Rum wanataka kuingia Petra, ule mji wa kale uliochongwa miambani, kwa miguu kupitia ule mpasuko mrefu uitwao Siq. Je, hapo nako kuna hatari hiyo?

Mama Hawa, Bombo

Ipo, mwanangu, na Wanabatea waliojenga mji ule waliijua, kwani walizuia maji kwa ukuta mdomoni mwa Siq na kuchimba handaki la kuyaelekeza kwingine. Mwaka 1963 kinga hiyo ya kale ilikuwa imeharibika, mafuriko yakaingia na kuua watalii zaidi ya 20 kutoka Ufaransa, ndipo ukuta ukajengwa upya. Novemba 2018 mvua kubwa ilinyesha tena, na wageni zaidi ya 3,000 wakaondolewa Petra kwa haraka. Mpasuko wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo mtu aliye katikati hatoki kwa dakika mbili. Waulize mlangoni asubuhi hiyo, na wakiambiwa wasubiri, wakae kwenye mikahawa ya Wadi Musa, mji ulio karibu na mlango wa Petra, wanywe chai.

Mwalimu wa Mbale

Nimemtumia. Anasema wamesogeza safari hadi Aprili, na kwamba blanketi anazo mbili.

Mama Hawa, Bombo

Achukue zote.