Albamu gani isiyo ya hip hop ilikubadilisha masikio? Sisi wa Kijenge tunaomba msaada

Chalii wa Kijenge

Wakuu habari za jioni. Huku kwetu Kijenge, Arusha, tuna kawaida, Jumapili jioni tunakaa kwa jamaa yetu mwenye spika nzuri tunapiga albamu moja, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, hamna kuruka hamna kushika simu, ikiisha ndo mtu anaruhusiwa kuongea. Maana siku hizi mtu anakwambia anamkubali msanii fulani, ukimchimba anajua nyimbo mbili tu, na yule msanii alikaa studio akapanga kabisa upi utangulie na upi ufunge, sasa ukichomoa mmoja ukaondoka nao huyo mtu bado hujamsikia.

Tatizo sote ni watu wa hip hop, si unajua tena A-Town. Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay tumeshapiga, na Maasai Hip Hop ya X Plastaz tunairudia kila mara, ile kwangu ndo albamu kubwa kuliko zote zilizotoka mji huu na sisemi kwa ajili ya ujirani. Ilitoka 2004 kwa lebo ya Ujerumani. Kilichonishika mimi ni mwimbaji wao Yamat, hakuwekwa mle kama pambo la kuwaonyesha watalii, ile sauti yake ya Kimasai ya kutoka kooni ndo inabeba wimbo, marapa wao kina Gsan na Faza Nelly wanapita juu yake na Kiswahili chao cha mtaani na vitu viwili havigombani. Nelly aliuawa 2006, na zikifika beti zake mle ndani hata anayekunywa chai anaweka kikombe chini.

Sasa juzi tukapiga Illmatic ya Nas, ya 1994, dogo wa miaka 20, kama dakika 40 tu na hamna wimbo wa kujazia. Wimbo wa tatu kule mwishoni inaingia tarumbeta tamu sana, mmoja akauliza nani huyo, kumbe ni babake mzazi, Olu Dara, mpiga jazz. Hapo tukaanza kuulizana, hawa tunaowasikiliza wao walikulia kwenye muziki gani? Kwaiyo naombeni albamu, jazz, reggae, dansi, taarab, country, yoyote, ila useme na sababu, usitupie jina ukaondoka.

Mama Rau

Mwanangu hongereni sana kwa hiyo kawaida. Mimi niko Moshi, anza na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, 1989. Jina Kiingereza lakini humo ndani ni Kiswahili kitupu. Dokta Remmy alizaliwa Kongo akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na hii albamu alirekodia Uingereza kwenye studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel, sasa sikiliza uone, mtu amepelekwa Ulaya, kapewa mitambo ya kila aina, na hakubadilisha kitu, anaimba vilevile kama anawaimbia watu wa Sinza. Kuna wimbo mle unaitwa Muziki Asili Yake Wapi, ndo hilohilo swali lenu. Remmy alikuwa anaimba umaskini na ubaguzi na kifo bila kupaka rangi, na bado watu wanacheza, sijui wangapi wanaweza hiyo kazi.

Halafu wekeni na Don Williams, msiogope.

Mangi Mtoto

Mama shkamoo, Remmy sawa kabisa, ila Don Williams hapana jamani, country ni muziki wa Wamarekani na farasi wao, chalii wa Kijenge anapata nini pale?

Mama Rau

Marahaba. Mwanangu, umewahi kukaa ukamsikiliza au umesikia tu ikipita kwenye gari ya mtu? Yule mzee 1997 alikuja kupiga Harare na maonyesho yakarekodiwa, Waafrika wamejaa wanaimba naye neno kwa neno. Wababa wa huku Kilimanjaro walimpenda kabla wewe hujazaliwa, na sababu naona ni moja, yule hapigi kelele. Sauti ya chini, gita dogo, na hadithi ya mtu anayempenda mkewe au anayekumbuka kwao. Nyie mmezoea sauti inayokufuata, hii inabidi uifuate wewe. Wekeni siku moja tu.

Ras wa Sakina

Baraka kwenu ndugu zangu. Kwenye reggae wengi watawatajia Exodus ya 1977 na ni haki yake, Bob Marley aliitengeneza London baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, lakini mimi kwa Mwafrika nasema Survival, 1979. Shika lile jalada kwanza kabla hata ya kupiga. Ni bendera za nchi za Afrika zimepangwa safu safu, ya kwetu imo, alafu pale kwenye jina wameweka ule mchoro wa watumwa walivyolazwa ndani ya meli wamebanana. Yaani hujasikia hata sauti moja tayari umeshaambiwa albamu inahusu nini. Ndani kuna wimbo wa Zimbabwe na nchi yenyewe bado haijapata uhuru, Aprili 1980 uhuru unapatikana wakamwita aje aupige siku hiyohiyo ya sherehe. Nyimbo zake zote za mapenzi zimewekwa pembeni, hii ni ya kazi tu, ndo maana haichezwi sana kwenye mabaa na ndo maana nawaomba muisikilize.

Baada ya hapo Prisoner ya Lucky Dube, 1989. Lucky alianza na mbaqanga, muziki wa dansi wa kwao Afrika Kusini, kwa Kizulu kabla ya reggae, na ukisikiliza waitikiaji wake wa kike utaikuta mbaqanga bado imekaa pale nyuma, hawakuiga Jamaika moja kwa moja.

Gita Kavu

Kwa jazz Kind of Blue ya Miles Davis, 1959, narudia, Kind of Blue. Mimi napiga gita la solo kwaiyo naongea kama fundi kidogo. Jazz ya wakati ule ilikuwa na kodi nyingi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika haraka haraka, mpigaji anakimbizana nazo. Miles akazipunguza. Wimbo wa kwanza ule una ngazi mbili tu za sauti, unakaa kwenye moja muda mrefu alafu unapanda nusu sauti alafu unarudi, basi. Na wenzake, akina John Coltrane, aliwapa michoro tu wakapiga, siku mbili za studio kazi imekwisha. Ukishapunguza kodi huna pa kujificha, inabidi utunge, kila noti iwe na sababu.

Alafu mkimaliza hiyo wekeni Simba Wanyika siku hiyohiyo, nawaambia mtaelewa. Ni kodi tatu zinazunguka, gita la rizimu halichoki, na gita la solo linaongea juu yake kama mtu. Na hii ni ya kwenu kabisa, wale ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaja Arusha 1970 wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakavuka Kenya na huko ndo wakawa Simba Wanyika, na 1978 wengine wakachomoka wakazaa Les Wanyika. Watu wanadhani ni muziki wa Nairobi tu, hapana, ulipita hapahapa.

Mzee wa Kaloleni

Vijana nimefurahi sana. Ila naomba muangalie kitu kimoja, hili suala la albamu. Mkisema lazima iwe albamu mnawaacha nje wakubwa wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alirekodi Bombay 1928, santuri za upande huu wimbo mmoja na upande ule mmoja, hamna albamu hapo. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita wa dansi aliyefariki kwa ajali Mombasa 1979, sehemu kubwa ya kazi yake ni santuri ndogo. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, kiwanda cha santuri nchini hatukuwa nacho, zilichapwa Nairobi. Na wimbo wa dansi ni mrefu, kwaiyo waliukata katikati, upande wa kwanza unasikia maneno na kisa chote, unageuza, upande wa pili ndo chemko, magitaa na tarumbeta. Ule mgeuzo ndo ulikuwa mpangilio wa msanii. Leo wanawauzia mkusanyiko wa nyimbo 15 za miaka tofauti wanaita albamu, na aliyeipanga hata bendi haijui.

Chalii wa Kijenge

Mzee wangu shikamoo, umetufungua sana, hilo la kugeuza hatukulijua kabisa. Basi Jumapili hii ni Survival, jalada tunalikuza tunaliweka ukutani, inayofuata Gita Kavu anakuja na gita lake kwenye Kind of Blue na Wanyika, tafadhali mkuu usikatae. Remmy baada ya hapo. Mama Rau, Don Williams tunampiga, nimeshawaambia na hamna aliyekataa. Mzee, kwa Mbaraka tufanyaje, tuanze na santuri zipi?

Mzee wa Kaloleni

Marahaba. Za Morogoro Jazz, bendi yake ya awali, kwanza, ndo mje Super Volcano, bendi yake ya baadaye, msichanganye, gita lake linabadilika kati ya hapo na nataka mlisikie wenyewe. Pigeni pande zote mbili.