Mradi wa mwaka wa mwisho wa fizikia: sola, mionzi ya udongo au modeli ya kompyuta?

Mtoto_wa_Mbalizi
Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za kazi. Niko mwaka wa tatu, fizikia na hisabati, nasoma Iringa ila nyumbani ni Mbalizi, Mbeya. Msimamizi anataka mada moja wiki ijayo. Ninazo tatu: joto linavyopunguza umeme wa paneli ya sola huku nyanda za juu, mionzi asilia ya udongo kuzunguka kilima cha Panda, na modeli ya kompyuta ya joto linavyopenya ukuta wa tofali za kuchoma. Moyo uko kwenye ya pili, maana kile kilima nimekipita tangu utotoni. Pesa ni ya bumu tu, yaani mkopo wa chuo. Naombeni mnisaidie kupima.

Dada_Maabara
Marahaba mdogo wangu. Panda ni mada nzuri sana. Ule mwamba ni kabonatiti (mwamba wa volkeno wenye kabonati nyingi) yenye metali ya niobi, na madini yanayobeba niobi mara nyingi hubeba pia urani na thoriamu, ambazo hutoa mionzi. Lakini tazama kazi yenyewe. Udongo unaukausha, unausaga, unauchekecha, halafu unaufungia kwenye chombo kisichovuja hewa kwa karibu wiki 4. Huwezi kuruka hapo. Radiamu iliyomo kwenye udongo, inayotokana na urani, huzaa radoni, ambayo ni gesi, na ikivuja utapoteza watoto wake, risasi-214 na bismuthi-214, ambazo ndizo zinazotoa miali ya gama unayoipima. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, kwa hiyo baada ya mwezi ndipo inakuwa imelingana na mzazi wake, radiamu. Baada ya hapo kila sampuli inakaa kwenye mashine ya kupima gama saa kadhaa, na mashine hiyo pengine iko Dar au Arusha, kwenye foleni ya watu wa uzamili. Kwa semista moja, naogopa.

Mwalimu_Makambako
Mimi nakushauri sola, na nina sababu ya kifizikia. Paneli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii juu ya 25. Paneli ikifika digrii 55 mchana usio na upepo, asilimia 12 imekwenda. Upepo wa huku Makambako ukiishusha hadi 35, unapoteza 4 tu. Jua kali na hewa ya baridi kwa pamoja: watu wa pwani hawana hali hiyo, na wewe unayo mlangoni.

Ila usipime volti na ampea peke yake. Usipojua jua lina nguvu kiasi gani dakika ileile, hutatenganisha athari ya joto na ya wingu. Kama idara haina piranomita (kipimo cha nguvu ya jua), weka paneli ndogo pembeni na upime mkondo wake ukiwa umeunganisha nyaya zake moja kwa moja. Mkondo huo hufuata mwanga karibu sawasawa.

Kalenda nayo uitazame. Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili au Mei. Ukiambiwa ukusanye data Februari, jiandae kupambana na mawingu.

Hesabu_Tu
Modeli ya kompyuta haina gharama, lugha ya programu ya Python ni ya bure. Lakini bila kipimo halisi cha ukuta hata mmoja, jopo la watahini litakuuliza umejuaje kuwa ni kweli. Ningeiweka ya mwisho.

Dada_Maabara
Nimeendelea kuwaza, maana sipendi mwanafunzi aache kitu anachokipenda wakati njia ipo. Idara yenu ina kihesabio cha Geiger, kile kifaa kinachohesabu mionzi kwa mipigo? Kama kipo na kimesawazishwa, acha sampuli. Pima mionzi mita 1 juu ya ardhi, kituo hadi kituo, kutoka Mbalizi kuelekea kilimani, na simu ikupe mahali. Eneo lile ni la leseni ya madini, kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi mapema. Huenda ukaishia nje ya mpaka, na bado ni kazi halali.

Mkazo uwe kwenye kosa la kipimo. Kosa ni kipeuo cha pili cha mipigo: ukihesabu mipigo 100, kosa ni 10, yaani asilimia 10. Ukihesabu 10,000, kosa ni 100, yaani asilimia 1. Hapo ndipo fizikia ilipo, na jopo makini litakuuliza hapohapo.

Mwalimu_Makambako
Hilo nakubali, limenizidi. Nyongeza: usilinganishe na namba za Dar. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na miale ya kutoka angani huongezeka kadiri unavyopanda. Tafuta kituo cha kulinganishia kwenye mwinuko uleule, mbali na kilima.

Mtoto_wa_Mbalizi
Asanteni mno. Nimemuuliza fundi wa maabara, kihesabio kipo na cheti chake hakijaisha muda. Naandika Panda kwa kihesabio, barua ya ruhusa naipeleka kwa mkuu wa idara kesho. Swali moja: nipime kituo kimoja muda mrefu, au vituo vingi muda mfupi?

Dada_Maabara
Vituo vichache, muda mrefu, kila kimoja mpaka ufikishe angalau mipigo 1,000. Na kile kituo cha kulinganishia ukipime asubuhi kabla ya kuanza na jioni ukimaliza. Namba mbili zikiachana kupita kosa lake, data ya siku hiyo usiitumie mpaka ujue sababu: inaweza kuwa betri, au mvua iliyoshusha mabaki ya radoni kutoka hewani.