Msaada: makavera (mifuko ya plastiki) ya uyoga yanashika ukungu wa kijani, kosa liko wapi?

MkulimaTororo: Habari zenu wakuu. Nalima uyoga mamama (oyster) nyumbani, Tororo, Uganda. Makavera 30, na 11 yameshika ukungu wa kijani kabla utando mweupe haujafika katikati. Nilitumia maganda makavu ya mbegu za pamba kilo 20, pumba za mahindi kilo 3, chokaa nusu kilo na maji majerikeni matatu ya lita 20. Nilifunika kwa turubai siku mbili, nikapakia, nikachemsha kwenye pipa kwa muda wa saa tatu tangu kuwasha moto, jioni ileile nikapanda mbegu. Chini ya makavera kuna maji ya kahawia, yananuka uchachu. Halafu jirani anasema nitie samadi ya kuku mboji ipate nguvu. Ni kweli?

Fundi_Mboji: Hayo maji ya kahawia yameshakujibu. Lita 60 kwa kilo 23 kavu ni zaidi ya asilimia 70 ya maji. Unataka 60 hadi 65. Maji yakizidi hewa inakosekana, bakteria wanachachusha, na utando wa uyoga unakwama ukungu ukipita. Anza na lita 35, ongeza kidogo kidogo. Chota konzi moja, kamua kwa nguvu zote: yatoke matone mawili matatu kati ya vidole. Yakichuruzika, tandaza kivulini kwanza. Pumba nazo punguza ziwe kilo moja. Pumba ni chakula cha ukungu pia, tena ukungu hula haraka kuliko uyoga.

MamaUyoga_Mbale: Mimi nashuku mvuke zaidi. Saa za tangu kuwasha moto hazihesabiki, ndugu yangu. Pipa la lita 200 likijaa, kavera la katikati linaweza kuwa bado vuguvugu wakati la pembeni limeiva. Panga fito chini, maji yasiguse makavera, acha nafasi mvuke upite. Hesabu saa nne kuanzia mvuke unapotoka kwa nguvu kwenye mfuniko, na uongeze maji ya moto kabla hayajakauka.

Kisha pasua kavera moja bovu, nje, mbali na chumba. Kijani kikianzia mdomoni ulipotia mbegu, lawama ni mikono au mbegu yenyewe. Kikiwa madoadoa hadi katikati, hapakuiva.

Na kupanda jioni ileile! Kavera liguse shavuni: ukisikia joto, ngoja mpaka asubuhi. Ndani pakizidi nyuzi 30 mbegu inadhoofika, nafasi anachukua ukungu.

Fundi_Mboji: Kuhusu mvuke nakubali. Bado maji nayaweka mbele.

Shamba_Kabale: Samadi acha. Jirani anazungumzia mboji ya uyoga mweupe wa vifungo: majani makavu, samadi na jasi, lundo linageuzwa wiki mbili hivi, halafu linatiwa joto la nyuzi 58 hadi 60 mpaka harufu ya amonia iishe. Uyoga ule unazaa vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18. Huku kwetu mlimani mtu anaweza kujaribu. Tororo bila mashine ya kupoza ni kujitesa. Mamama anakula maganda na mabua, na samadi mbichi itamletea amonia na nzi tu.

MkulimaTororo: Nimepasua moja. Madoadoa hadi katikati, na kitako kimeloa kabisa.

MamaUyoga_Mbale: Basi tuna haki sote wawili, mimi na Fundi, bwana. Yale 11 yatoe yakiwa yamefungwa, vumbi la kijani lisiruke juu ya mazima. Usiyapandie mbegu tena. Fukia mbali na chumba, yakishaoza ni mbolea ya matoke. Yaliyobaki 19 yasimamishe wima, yatoboe tundu dogo kitakoni maji yatoke, na ukiona kijani hata cha ukubwa wa shilingi, litoke siku hiyohiyo.