Naombeni ushauri: dira mpya ya maji imepandisha bili, wapangaji wanamlaumu mama

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Isevya, Tabora mjini, naishi na mama kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, pamoja na wapangaji wanne. Dira yetu ya zamani, ambayo kioo kilishaingia ukungu hata namba hazionekani, imetolewa. Tumefungiwa ya kisasa inayotuma usomaji yenyewe, msomaji haingii tena uani. Bili ya kwanza imekuja uniti 31, tulizoea 18 au 19.

Usiku nilifunga koki zote, asubuhi namba ilikuwa ileile, kwa hiyo bomba halivuji. Nikajaza ndoo tano za lita 20, dira ikasogea lita 100 kamili. Najua dira kuukuu huchakaa ndani ikasoma pungufu, huenda miaka yote tulilipa kidogo. Ila maji yakirudi baada ya mgao bomba hutoa upepo kwanza, nahofia nao unahesabiwa.

Wapangaji wamegoma kuchanga, wanadai mama anawaibia. Inaniuma sana, mama hana tabia hiyo.

Aliyewahi kuomba dira ipimwe upya alianzia wapi? Na bili hii nilipe kwanza au nisubiri majibu?