Majirani Ngamiani: Baiskeli ya Mzee Juma

Mzee Juma: Assalaam alaykum majirani. Seif, baiskeli yangu iko wapi? Leo siku ya tatu.

Seif: Waalaykum salaam. Shikamoo mzee. Si nilikwambia imeibiwa? Nimeripoti, namba ya RB ya polisi ninayo. Wa kudaiwa ni mwizi, si mimi.

Mzee Juma: Marahaba. Hiyo RB inapandwa? Nitaendea shamba?

Bakari Fundi: 😂😂😂

Mama Zuhura: Bakari acha kucheka watu wana msiba wao. Rehema mwanangu, wewe uko kwa wakili, hebu sema.

Rehema: Shikamooni. RB ni ya kumtafuta mwizi tu. Kati ya Seif na mzee ni madai, polisi hawaingii hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema ukikabidhiwa mali ya mwenzio uitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake. Ukifanya hivyo na bado ikaibiwa, hulipi, ila kama mlipatana vingine.

Seif: Mmeona!!

Rehema: Sijamaliza kaka. Uliiazima ya nini, na ilikuwa irudi saa ngapi?

Mzee Juma: Alisema anampelekea mkewe dawa hospitali ya Bombo, adhuhuri ameirudisha. Nikamwambia kufuli limekufa, usiiache peke yake.

Mama Zuhura: Na imeibiwa wapi?

Bakari Fundi: Nje ya uwanja wa Mkwakwani 🤐 Coastal walikuwa wanacheza. Saa kumi hiyo.

Seif: Bakari!!

Rehema: Basi hapo ndipo ulipojifunga. Ukiitumia nje ya mlivyokubaliana, au muda ukapita kwa uzembe wako, hasara ni yako hata ungeajiri mlinzi. Ingeibiwa Bombo saa nne huku umeishika, mimi ningekutetea.

Seif: Angenipa yenye kufuli yasingetokea haya.

Rehema: Angekuficha ubovu ungekuwa na hoja. Amekwambia.

Ustadh Athumani: Mnahangaika na saa na mpira. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ariya, yaani kitu cha kuazima, ina dhamana. Ikipotea mkononi mwa aliyeazima analipa, awe amezembea au hakuzembea, isipokuwa imechakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Mtume (s.a.w.) alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya Hunayn alimwambia ni ariya yenye dhamana. Angewekeshwa amana tu, hapo ndipo tungeuliza uzembe.

Mama Zuhura: Kwa hiyo kote kote Seif analipa 😅

Ustadh Athumani: Analipa thamani yake ya siku ilipopotea. Si bei ya mpya dukani, mzee unisikie.

Mzee Juma: Nimesikia. Ila ile Phoenix si ya mchezo.

Bakari Fundi: Rimu ya nyuma nimeifunga mimi juzi. Kwa hali yake laki na nusu.

Seif: Laki na ishirini. Ile breki ilikuwa ya miguu yangu mwenyewe.

Mzee Juma: Laki na arobaini, nusu mwisho wa mwezi. Nawe ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, sikupeleki mahakamani.

Seif: Sawa mzee, nashukuru. Ila nikishalipa halafu ikapatikana, inakuwa ya nani?

Rehema: Swali zuri. Liandikeni kwenye karatasi kabla hujatoa shilingi. Bakari awe shahidi, maana mdomo anao.